Amplifaya mbili, majibu saba kati ya kumi: je, masikio yamethibitisha?

Swali: Nimenunua amplifaya mpya, na tangu siku ya kwanza nasikia tofauti kubwa kati yake na ile ya zamani: besi imekaza na sauti za waimbaji zimesogea mbele. Rafiki yangu alinifumba macho kwa kitambaa, akabadilisha amplifaya mara kumi, nami nikapatia mara saba. Yeye anasema huo si ushahidi. Mimi naona saba kati ya kumi ni wazi kabisa. Ningependa kujifunza kutoka mwanzo elimu hii ya usikivu na ya majaribio ya upofu, yale ambayo msikilizaji hajui ni kifaa kipi kinacholia. Nianzie wapi, na je, jaribio letu lilikuwa na kasoro?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali lako, na hasa kwa kunipa hesabu kamili badala ya kuniambia tu kwamba ulipatia "mara nyingi".

Nianze na hesabu hiyo kwa kuwa ndiyo fupi. Mtu asiyesikia tofauti yoyote, akijibu mara kumi kwa kurusha sarafu, ana uwezekano wa takriban asilimia 17 wa kupatia mara saba au zaidi. Wakiketi watu sita wa namna hiyo, kwa wastani mmoja wao ataondoka na matokeo kama yako au mazuri kuliko yako. Kwa hiyo rafiki yako hakukosea kusema kwamba huo si ushahidi, ingawa angekosea kama angedai umethibitika kuwa husikii. Matokeo yenu hayaelekezi upande wowote, na hata kama ungepatia mara zote kumi, bado ningekuwa na mashaka, kwa sababu nitakazozieleza.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, na huenda ukauona kama wa kukuzungusha: liweke kando swali la amplifaya kwa majuma kadhaa, ujaribu kwanza tofauti ambazo jibu lake unalijua tayari. Wengi huingia katika elimu hii wakiwa na ugomvi wanaotaka kuumaliza, na kwa hiyo jaribio lao la kwanza kabisa linahusu jambo gumu kuliko yote, linaloendeshwa na mtu asiye na mazoezi, kwa kifaa ambacho hajawahi kukikagua. Mwenye mizani mpya huiwekea kwanza jiwe la uzito unaojulikana. Hapa mizani ni wewe mwenyewe, pamoja na chumba chako, rafiki yako na swichi yenu.

Sikio si maikrofoni. Mlango wake, wenye urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, hurindima zaidi karibu na hezi 3000 (yaani mitetemo 3000 kwa sekunde), na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuwa wepesi mno wa kusikia sauti zilizo kati ya hezi 2000 na 5000. Ndani zaidi ipo koklea, mrija uliojikunja kama kombe la konokono, wenye utando wa urefu wa takriban milimita 35 ambao mwanzo wake hutikiswa na sauti nyembamba na mwisho wake na sauti nzito. Georg von Békésy, aliyeuchunguza mtikisiko wa utando huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Sauti mbili zinazotikisa sehemu zilizo karibu hugombania nafasi: iliyo kubwa huifunika iliyo ndogo, na nzito huifunika nyembamba kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba inavyoweza kuifunika nzito. Mfumo wa MP3 umejengwa juu ya ufunikaji huu. Hutupa sehemu za muziki ambazo sikio lisingezipata hata kama zingebaki. Ukilielewa jambo hili moja, utaacha kushangaa kwamba faili iliyopoteza sehemu kubwa ya data yake inaweza kuwa ngumu kuitofautisha na asili yake, na vilevile utajua ni mahali gani pa kusikiliza ili uikamate inapokosea.

Hata hivyo, kwa swali lako, lililo muhimu zaidi ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha mistari inayoonyesha ni nguvu kiasi gani inahitajika katika kila masafa (kila kiwango cha uzito au wembamba wa sauti) ili msikilizaji azione sauti zote kuwa sawa kwa ukubwa. Mistari hiyo imepimwa upya mara kadhaa tangu wakati huo, lakini funzo lake halijabadilika: sauti ikiwa ndogo, sikio huwa zito kwa besi kuliko linavyokuwa kwa sauti za katikati, na kadiri unavyoongeza sauti ndivyo besi inavyojitokeza kwa kasi kuliko nyingine. Tofauti ya ukubwa, ambao hupimwa kwa desibeli, ikiwa desibeli 3 au 4 utasema, "hii ina sauti kubwa." Ikiwa desibeli 1 au pungufu kidogo, mara nyingi hutaitambua kama ukubwa hata kidogo, utaisikia kama ubora. Utasema besi imekaza. Utasema waimbaji wamesogea mbele. Nimeyarudia maneno yako kwa makusudi, kwa kuwa wasikilizaji waliochezewa ukubwa wa sauti bila kuambiwa huueleza kwa maneno yanayofanana sana na hayo.

Barua yako haisemi kama mlisawazisha ukubwa wa sauti. Nachukulia kwamba mlisawazisha kwa masikio, au kwa kuvigeuza vitufe vya amplifaya zote mbili hadi alama moja, na njia zote mbili hazitoshi, kwani alama zile hazina maana sawa katika vifaa viwili. Kinachotakiwa ni kupiga toni ya hezi 1000, kupima volti katika ncha za waya za spika, kisha kurekebisha hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.1. Kwa tarakimu, volti 2.00 upande mmoja na 2.02 upande wa pili bado zimo ndani ya mpaka huo, 2.00 na 2.25 ni desibeli 1 nzima. Multimita nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani wa hezi 50 au 60 na zinaweza kukosea zinapopima hezi 1000, lakini hilo lisikuzuie, kwa sababu unachotafuta ni usawa wa vipimo viwili vilivyochukuliwa na chombo kimoja kwa toni moja. Programu za simu za kupima kelele uziache. Zinafaa kwa mambo mengine.

Sasa niingie kwenye upofu wenyewe. Watu wengi, tena waungwana, huliona jaribio la upofu kama tuhuma, kana kwamba wanaambiwa kuwa ni waongo. Lakini matarajio hayafanyi kazi kwa kupitia uongo. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliripoti kwamba mtu akisikia silabi "ba" huku akitazama midomo inayotamka "ga", wengi husikia "da", silabi ambayo haikuwapo popote. Si kwamba wanakisia "da"; wanaisikia. La kutisha zaidi ni kwamba kulijua jambo hili hakukuponyi: nimelisoma, nimelifundisha, na bado kila ninapotazama video ya namna hiyo nasikia "da", na nikifumba macho nasikia "ba". Ubongo hutengeneza usikivu kutokana na kila kinachopatikana, ikiwemo rangi ya chuma, uzito wa kifaa na pesa iliyokutoka, kisha hukukabidhi mchanganyiko huo ukiwa umeshaungana. Ndiyo maana kauli ya "mimi sishawishiki" haina nafasi katika kazi hii, hata akiitoa mtaalamu.

Ushahidi katika vifaa vya muziki upo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walieleza jaribio ambalo wasikilizaji 40 walipima spika nne, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, spika kubwa zenye sura ya kuvutia zilipanda alama, na mfumo mdogo wa plastiki wa bei nafuu ukashuka. Jambo linalonivutia mimi zaidi huwa halitajwi sana: pazia lilipokuwapo, wasikilizaji waligundua kwamba kuhamisha spika kutoka mahali pamoja hadi pengine chumbani kulibadilisha sauti, walipoona spika, mabadiliko hayo ya kweli kabisa hayakuwagusa sana. Macho, basi, huongeza yasiyokuwapo na papo hapo huziba yaliyopo. Anayetetea masikio yake angepaswa kuwa wa kwanza kudai pazia.

Kitambaa ulichofungwa usoni kilikuziba wewe, lakini hakikumziba rafiki yako, naye alikuwa chumbani akijua kila mara ni amplifaya ipi inayolia. Mfano bora wa hatari hii ni wa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans aliyejibu maswali ya hesabu kwa kupiga kwato, na watu wengi makini waliridhika kwamba hapakuwa na udanganyifu. Na kweli haukuwapo. Oskar Pfungst, aliyemchunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1907, alionyesha kwamba Hans aliacha kupiga kwato alipoona mabadiliko madogo ya kichwa na mwili wa muulizaji, mabadiliko ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anayafanya. Muulizaji asipolijua jibu, naye farasi hakulijua. Rafiki yako angeweza kuvuta pumzi, kukawia kidogo, kutembea upande fulani wa meza. Swichi yenyewe hulia "tik" tofauti ikienda kulia na ikienda kushoto. Niliwahi kuendesha jaribio ambalo msikilizaji mmoja alipatia karibu kila mara, tukafurahi sana, hadi alipotuambia bila hila yoyote kwamba kifaa kimoja kilikuwa na mvumo mdogo kabla muziki haujaanza. Alisikia tofauti ya kweli, ila haikuwa ile tuliyoiuliza.

Upofu unaofaa kwa hiyo ni wa pande mbili: asiwepo mtu yeyote anayejua jibu karibu na anayesikiliza. Mpangilio unaotumika zaidi huitwa ABX. Jina hilo lilitumiwa na Munson na mwenzake Gardner mwaka 1950, na umbo linalojulikana leo miongoni mwa wapenda muziki lilielezwa na David Clark mwaka 1982. Unakuwa na A, unakuwa na B, vyote viwili unavijua na unaweza kuvisikiliza utakavyo. Kisha kuna X, ambayo kila raundi ni A au B kwa bahati nasibu, nawe unatakiwa kusema ni ipi. Kwa faili za muziki, programu za kompyuta hufanya kazi hii bila malipo na kuweka hesabu zenyewe. Kwa amplifaya utahitaji swichi, na hapa nakuonya kwa msisitizo: amplifaya mbili zisiunganishwe kamwe kwa wakati mmoja kwenye spika moja, maana moja itasukuma umeme ndani ya nyingine na unaweza kuziunguza zote mbili, swichi iwe ya aina inayokata upande wa kwanza kabisa kabla ya kugusa upande wa pili. Mpangilio wa X upatikane kwa sarafu au kompyuta, usitoke kichwani mwa mtu. Wanadamu wakijaribu kubahatisha hupishanisha mno, huona aibu kurudia A mara nne mfululizo, na msikilizaji mwerevu huinusa tabia hiyo.

Utasikia pingamizi kwamba kubadilisha haraka haraka humchosha msikilizaji na kwamba tofauti ndogo hujifunua baada ya kuishi na kifaa kwa muda mrefu. Pingamizi hili lina sehemu mbili. Kuhusu kumbukumbu, mambo yako kinyume: kumbukumbu ya chembechembe za sauti hufifia ndani ya sekunde chache, na kipande kifupi kinachorudiwa mara moja baada ya kingine ndicho kinachofichua tofauti ndogo. Kuhusu muda, ABX haina saa. Ukitaka kuishi na X kwa juma zima kabla ya kujibu, ishi nayo. Kinachokatazwa ni kujua ni ipi.

Nirudi sasa kwenye hesabu, kwa kuwa ndiko majaribio mengi mazuri yanakoharibikia. Amua idadi ya raundi kabla ya kuanza, na usiache njiani kwa sababu matokeo yamekupendeza. Raundi 16 ni kipimo kinachovumilika bila kuchoka. Anayebahatisha tu ana uwezekano wa chini kidogo ya asilimia 4 wa kupatia 12 au zaidi. Lakini wakikaa watu 20 wasiosikia kitu, kila mmoja akafanya raundi zake 16, uwezekano kwamba angalau mmoja atafikia 12 unazidi nusu, na huyo mmoja ndiye atakayesimulia. Mwulize arudie siku nyingine. Upande wa pili pia una mtego, na hapa wale wanaopenda kuwacheka wengine huteleza. Tuseme unasikia tofauti kweli, lakini kwa shida, kiasi kwamba unapatia asilimia 70 ya raundi zote kwa muda mrefu. Katika raundi 16 utafikia lengo la 12 kwa uwezekano wa asilimia 45 tu. Zaidi ya nusu ya mara utaonekana umeshindwa, ingawa masikio yako yanafanya kazi. Kushindwa jaribio moja dogo hakumpi mtu haki ya kutangaza kwamba tofauti haipo; kunampa haki ya kusema kwamba, kama ipo, si ile "kubwa" iliyotajwa mwanzoni.

Mjadala wa rekodi za daraja la juu kuliko CD unaonyesha vizuri jinsi pande hizi mbili zinavyokutana. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio ambalo walipitisha muziki wa daraja la juu ndani ya kifaa kilichoushusha hadi kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji kama walitambua ni wakati gani kifaa hicho kilikuwa kimewekwa. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554, sawasawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali, zaidi ya raundi 12,000 kwa jumla, akapata wastani wa asilimia 52.3. Asilimia 2.3 juu ya bahati ni kidogo mno, lakini kwa raundi nyingi kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa bahati peke yake, na waliopewa mafunzo kabla ya jaribio walifanya vizuri zaidi. Wapo wanaoshika tokeo la kwanza na kulikataa la pili, na wapo wanaofanya kinyume chake. Mimi nayakubali yote mawili: mtu wa kawaida, akiwa na muziki wa kawaida, hatambui, na ipo dalili ndogo ya tofauti, katika hali fulani na kwa baadhi ya watu, ambayo haijaelezwa yote. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalofanana na matangazo ya wauzaji.

Kuhusu mazoezi, ambayo ndiyo majuma yale niliyoyasema: chukua wimbo unaoujua vizuri, tengeneza nakala iliyopunguzwa desibeli 3, kisha desibeli 1, kisha 0.5, na ufanye ABX kwa kila moja hadi ujue ni wapi unapokwama. Halafu kata masafa ya juu kwa programu ya kuhariri sauti, kuanzia hezi 10,000, kisha 14,000, kisha 16,000. Usihuzunike sana, kwani uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kwa umri na watu wazima wengi hawafiki hezi 20,000 zinazotajwa vitabuni. Kisha tengeneza MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, halafu 128, halafu 256. Sikiliza makofi, matoazi na sauti za kugonga zenye mwanzo mkali, kwa kuwa hapo mfumo huo hutapakaza kelele kidogo kabla ya pigo lenyewe. Anza kila mara na tofauti kubwa na ushuke polepole. Weka sauti katika kiwango cha wastani. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kuwa mpaka kwa mtu mzima, na seli za sikio zilizokufa kwa kelele hazioti tena. Mazoezi haya yana faida iliyopimwa: mwaka 2003 Olive alilinganisha wasikilizaji 268, waliofunzwa na wasiofunzwa, na akaona kwamba wote walizipanga spika kwa mpangilio unaokaribiana, ila waliofunzwa walitofautisha kwa uthabiti mkubwa zaidi.

Ukishajua kwamba katika chumba chako, kwa swichi yako, unakamata desibeli 0.5 bila shida, hapo ndipo urudi kwenye amplifaya, na hapo ndipo kushindwa kwako kutakuwa na maana. Sawazisha, mtoe rafiki chumbani, fanya raundi 16. Ukipata 12 au zaidi, usikimbilie kusema amplifaya mpya ni bora, maana ABX haikuuliza hilo. Pima volti tena, safari hii spika ikiwa imeunganishwa, kwa toni za hezi 100, 1000 na 10,000. Amplifaya yenye impidansi kubwa ya kutolea (yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti pale unapotoka kwenda kwenye spika), kama nyingi za vali, zile zinazotumia mirija ya kioo badala ya transista, hupandisha na kushusha sauti kufuatana na impidansi ya spika, ambayo hubadilika kutoka masafa hadi masafa. Unaweza kuwa umesawazisha hezi 1000 kikamilifu na bado hezi 100 zikapishana kwa desibeli 1 au zaidi. Ukiikuta tofauti hiyo, umeshaipata besi yako iliyokaza.